Pampu Iliyovuja Baada ya Kupona

Na ifahamike kwa wakazi wote wa Riverdale Park, Marekani, wenye vyeti na wasio na vyeti, kwamba Jumamosi hii Bwana Respicius aliamua kuitengeneza pampu ya boila ya nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo, wiki iliyotangulia, ilikuwa imeshindwa na kopo la dagaa.

Tito, mtoto wa kaka yake, alikabidhiwa jukumu zito la kushika simu ya video, kamera ielekee pampu. Shule ya bweni ilikuwa imemfundisha kutii kwa uso mtulivu huku moyo ukitafuta mchezo. Kwenye simu alikuwa fundi Eliudi, akiwa kwake Bukoba, kwa sababu Respicius hakuwaamini mafundi wa Marekani. "Hawatengenezi," alisema, "wanabadilisha."

"Kwa hiyo mnapasha moto nyumba nzima, kama uji?" Eliudi aliuliza.

"Maji yanachemka humu, pampu inayasukuma vyumbani. Sasa inavuja, joto halifiki juu," Respicius alijibu.

Huko juu, Bibi Flaviana, mama yake Respicius, alikuwa amejifunika mablanketi yote ya nyumba. Alikuja akae mpaka Pasaka, lakini asubuhi hiyo alitoa neno: nyumba isipopata joto leo, anahamia Houston kwa Phineas, mwanawe mkubwa, kwenye jua. Respicius hakuwa amekaa na mama yake tangu aondoke nyumbani akiwa kijana. Ndiyo maana alikuwa amepiga magoti kwenye saruji ya chumba cha chini ya nyumba, jasho likimtoka kwenye baridi.

"Zima umeme. Funga valvu zote mbili," Eliudi aliamuru. "Fungua bolti, toa mpira uliochakaa, weka mpya. Kaza kidogo huku, kidogo huku. Usimalize upande mmoja!"

Respicius akakaza, akafungua valvu, akawasha. Pampu ikanguruma taratibu, kavu kama kisigino cha kiangazi. Akapanda ngazi mbio kumtangazia mama yake.

Hapo shetani wa bwenini akamgusa Tito bega. Tito akaigeuza simu ukutani, akachukua chupa yake ya maji, akamwaga kidogo chini ya pampu, kisha akavaa uso wa msibani.

"Ba'mdogo," akaita, "pole sana."

Respicius akashuka, akaliona dimbwi, akafungua upya, akakaza upya. "Ajabu," Eliudi alisema, "mbona bolti zimekaa vizuri?" Respicius alipogeuka kutafuta tambara, chupa ikafanya kazi tena.

Safari hii hakugombana na spana. Aliketi kwenye ngazi, akafuta mikono, akachukua simu kwa Tito, akamuaga Eliudi, akapiga Houston.

"Kaka Phineas," alisema kwa sauti ndogo, "mkatie Mama tiketi. Nimeshindwa."

"Asikate tiketi!" Tito akapayuka. "Haivuji!"

Bibi Flaviana alikuwa ameshuka na blanketi lake moja, ameshika ukuta. Akalitazama dimbwi, akamtazama mjukuu wake.

"Mume wangu, maji haya hapa, nawe unasema haivuji. Umejuaje?"

Tito akatazama dari. Dari haikumsaidia. Akasimama mguu sawa, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu wa zamu.

"Pampu ilipona ulipoikaza mara ya kwanza, Ba'mdogo. Maji nimemwaga mimi, ya kunywa. Adhabu yoyote nitafanya, hata kufyeka theluji. Lakini Bibi asiende."