Ampea Tano za Injinia

Mayai mia nne yalikufa siku ya kumi na nane, zikiwa zimebaki siku tatu tu yaanguliwe, na Mama Vifaranga aliyafukia peke yake. Tusidanganyane, kazi ile ni chungu. Yai la siku ya kumi na nane si yai tena. Ukilipasua unakuta kifaranga mzima mwenye mdomo na kucha, kajikunja ndani, na hatoki. Alichimba shimo nyuma ya kibanda cha mashine huku shemeji yake kasimama pembeni, mikono mfukoni, akimweleza makosa yake.

Shemeji huyo ni mdogo wa marehemu mume wake. Mtaa mzima unamwita Injinia, ingawa darasa la uinjinia hajalikanyaga hata kwa kupotea njia. Ila mikono anayo, hilo tusimnyime. Mtaa ule hauna nguzo hata moja ya umeme, na karibu sola zote kazifunga yeye. Ndiye aliyefunga na ya shemeji yake: paneli nne juu ya bati, betri ndani ya kibanda, na mashine ya kuangulia vifaranga ambayo mjane yule aliinunua kwa kiinua mgongo cha miaka kumi na tisa ya kusimama kiwandani. Mashine ilikuwa yake. Kiwanja na kibanda ni vya upande wa mume, na pale nyumbani neno la mwisho ni la mama mkwe.

Injinia hakungoja hata udongo ukauke. Alipomaliza kumsimanga mwenzake alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akasema betri zimekufa na mashine ikapoa kwa sababu shemeji anazitumia ovyo, anaacha taa zinawaka mchana kutwa, anachaji simu za mashoga zake, mtu hajui kubana umeme hata kidogo. Mama mkwe si mtu wa maneno mengi. Alisikiliza, akaamua: betri nyingine zinunuliwe, na hizo nazo zikichoka ndani ya miezi mitatu, mashine ihamie kwa Injinia, aisimamie yeye anayejua. Mama Vifaranga atakuwa anamsaidia kufagia.

Kufagia, jamani. Mashine yako, jasho lako, halafu ufagie.

Sasa, kuna kitu Injinia hakukiona. Alipokuwa kwa mama yake akimwaga sumu, huku nyuma jembe la shemeji yake lilikwaruza kitu ndani ya shimo. Mama Vifaranga akainama, akafukua kwa vidole. Nyaya mbili nene, nyeusi na nyekundu, zimefungwa pamoja, zinatoka chini ya kibanda chake na kunyoosha hadi ukuta wa pili. Upande ule wa ukuta ndiko Injinia anakouza samaki wa kugandishwa, na ana friza kubwa ambayo, kwa kauli yake mwenyewe, inakula betri zake yenyewe.

Mwanamke alichuchumaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Moyo ulimwaka, akatamani kupiga ukunga mtaa mzima ukusanyike. Lakini alimjua mtu wake. Angepiga kelele, Injinia angecheka, angesema huo ni waya wa zamani, umekufa siku nyingi, na mama yake angemwamini kama alivyomwamini tangu anaota meno. Akazirudishia nyaya udongo wake, akahamisha shimo hatua tatu pembeni, akafukia mayai. Wakati anakanyagia udongo alijiapiza kwamba radhi za yule bwana hazitaki. Alitaka kitu kimoja tu, ayaseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mama yake.

Kesho yake akamwendea Injinia kwa sauti ya asali. Akamwambia amekubali makosa, na sasa anataka kununua kipima betri ili asikosee tena, je, anunue kipi? Injinia akacheka hadi akashika ukuta. Akamshauri anunue kile cha taa tatu, kijani, njano na nyekundu, kwa kuwa rangi hata yeye atazielewa.

Mjini kuna duka la vifaa vya sola, jembamba, maboksi hadi darini. Mwenye duka anaitwa Miwani, mzee wa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Akampangia vipima vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa hicho cha taa tatu. Cha pili kilionyesha volti kwa namba, na Miwani akamwambia kweli tupu, kwamba volti ni uso wa mtu: saa sita jua likiwaka kila betri inatabasamu, na kwa kuitazama usoni huwezi kujua jana usiku ilipata nini. Kisha akavuta miwani ya kichwani ikakaa juu ya ile nyingine.

"Mama, unataka kujua betri imejaa, au unataka kujua nani kaila?"

Mama Vifaranga akavisukuma viwili vya kwanza pembeni. "Nani kaila," akasema.

Miwani akavirudisha viwili vya kwanza kwenye maboksi yao, hakuuliza zaidi. Cha tatu kilikuja na kipande cha shaba kinachofungwa kwenye waya mweusi, katikati ya betri na vitu vingine vyote. Umeme wote unaoingia na kutoka unapita hapo na kuhesabiwa kwa ampea, na kifaa kinakumbuka kila saa kwa mwezi mzima. Akamfundisha vifungo mara tatu, hadi yeye ndiye akawa anamfundisha mzee. Ila akamtahadharisha jambo moja. Waya wowote utakaofungwa juu ya betri yenyewe, ukakiruka kile kipande, hauhesabiwi kabisa. Akauliza nani atakifunga. Aliposikia ni shemeji, akaguna, akamwambia amwangalie mikono.

Mjane alirudi nyumbani akitabasamu peke yake. Ugonjwa wa shemeji yake aliujua. Injinia anaweza kula jasho la mjane na akalala usingizi mnono, lakini waya uliokaa ovyo unamkosesha usingizi. Amewahi kuingia nyumba ya watu kula tu, akaishia kufungua kazi ya fundi mwingine na kuipanga upya, bure, chakula kikipoa. Kwake yeye, nyaya nyeusi zote zinakaa kwenye ubao mmoja wa shaba, zimenyooka, zimefungwa kamba kila baada ya kiganja, na juu ya betri unabaki waya mmoja tu. Ule wa wizi peke yake ndio alioupachika haraka haraka juu ya betri, siku hiyo ya kuiba.

Siku ya kukifunga, pamoja na betri mpya, Mama Vifaranga alikaa kwenye kigoda akichagua mayai, tena akiwa mpole ajabu. Injinia alifungua nati, akapanga, akakaza. Ukabaki waya mweusi mmoja mkononi mwake. Akausimamisha hewani, akawaza. Shemeji yake hakuinua macho kwenye mayai.

"Yule mzee wa dukani anasema nyaya mbili tatu zikikaa juu ya betri si kitu," akasema. "Eti siku hizi mafundi wote wanafanya hivyo."

"Fundi gani huyo? Kwenye kazi yangu juu ya betri unakaa waya mmoja."

Akaupeleka kwenye ubao pamoja na wenzake, ng'ambo ya kile kipande cha kuhesabu, akaukaza kwa hasira, akaufunga na kamba ya plastiki. Kazi ikapendeza, kusema kweli. Kisha akamkataza shemeji yake kugusa vifungo, hayo mambo yanamhusu yeye. Akaitikiwa, ndiyo shemeji.

Miezi ikaenda. Vifaranga walitoka safari mbili, wakanunuliwa wote. Kila asubuhi Mama Vifaranga alibonyeza vifungo alivyokatazwa, akaona ampea tano zinatoka usiku kucha juu ya zile za mashine yake, akafunga mlango na kunyamaza. Kunyamaza kule kulimkondesha. Wiki ya mwisho ya ule muda aliopewa, mawingu yakatanda. Hapo akaiacha mashine tupu, akamwomba mama mkwe aje aizime mwenyewe, taa na kila kitu, wakafunga kibanda, akamkabidhi ufunguo, akaenda kwa dada yake siku tatu.

Asubuhi aliyorudi, kifaa kilikuwa kinalia. Betri zilikuwa zimeshuka chini ya nusu. Injinia alifika wa kwanza kibandani, kapiga na pasi shati, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayerithi. Si nilisema, si nilisema. Mama mkwe akafungua mlango, wakaingia watatu.

Mama Vifaranga akasogea pembeni. Akamwomba shemeji awasomee, kwa sababu yeye vifungo havijui.

Injinia akabonyeza, akatanua kifua. "Usiku wa jana. Saa mbili, ampea tano. Saa tatu, tano. Saa nne, tano. Mama, unaona? Usiku kucha mtu anakula."

"Nani?" mama yake akauliza.

Akanyoosha kidole kwa shemeji yake. Mama mkwe akaingiza mkono kifuani, akautoa ufunguo, akauangalia kama anauona leo. Akamwambia mwanawe kwamba ufunguo ule umelala naye siku tatu, mashine aliizima kwa mkono wake, na huyo anayenyooshewa kidole hakuwepo. Sasa amjibu vizuri, nani alikula?

Injinia akasema kifaa ni kibovu. Akasema na maneno mengine mengi, mepesi mepesi.

"Labda ni ule waya mweusi wa mwisho," Mama Vifaranga akasema. "Sijui hata unakwenda wapi."

"Huo wa zamani. Umekufa."

"Kama umekufa, utoe," akasema mama yake.

Hebu mfikirie yule bwana. Juzi yake tu alijaza friza hadi kifuniko kikagoma, samaki wa harusi ya mteja. Akifungua kinywa kuutetea ule waya, kajitaja mwizi. Akiutoa, samaki wanaoza. Akasimama na spana mkononi, mama yake akimtazama, na shemeji yake akimtazama kwa raha ambayo sitaki kuificha. Akafungua nati. Waya ulipoachia, ile tano kwenye kioo ikawa sifuri, na ng'ambo ya ukuta mngurumo ambao wamezoea kuusikia mchana na usiku ukakatika. Wote watatu waliusikia ulivyokatika.

Mama mkwe hakumtukana. Alimpa mkwewe ufunguo, akasema wa kufagia ametafutwa na kapatikana, akatoka zake.

Injinia alihangaika siku mbili kuazima betri, lakini habari zilikuwa zimemtangulia mlango hadi mlango, kila aliyemgongea naye hana. Siku ya tatu harufu ikaruka ukuta. Mama Vifaranga akachukua jembe lake, lile lile, akazunguka hadi mlangoni kwa shemeji yake mchana kweupe, akaliegemeza pale.

"Shemeji, jembe hili hapa. Shimo langu nilichimba hadi magotini. Wewe chimba hadi kiunoni, samaki wananuka zaidi."

Injinia akaangalia kulia, akaangalia kushoto, majirani wote wako vibarazani. Akalishika jembe, akaanza kuchimba. Mama Vifaranga akasimama pembeni, mikono mfukoni, akaanza kumweleza makosa yake.