Alama Nyekundu Ukutani kwa Dada

Kwa miaka ishirini Fundi Rangi alikuwa akichora mabango ya mtaa ule: kinyozi, duka la dawa, shule ya chekechea. Barabara ilipoamriwa kupanuliwa, ofisi ya ujenzi ilimwajiri kwa wiki moja apige alama ya X nyekundu kwenye kila nyumba ya kubomolewa. Agizo lilikuwa fupi: mita kumi na tano kutoka katikati ya barabara.

Nyumba kumi na moja alizipima na mhandisi. Ya kumi na mbili aliipima peke yake, mhandisi amekwenda kula, na mkono ukafuata mazoea. Mabango hupimwa kutoka ukingo wa mtaro, naye akaanzia mtaroni. Utepe ukafika ukutani kwa dada yake. Akapiga X huku roho ikimuuma, na kimoyomoyo akajisifu kwamba hakupendelea ndugu.

Jumatatu asubuhi alirudia kupima. Nyumba ilikuwa nje ya mpaka kwa mita nne nzima.

"Alama hufutwa na aliyeipiga, tena akiwa kazini," karani wa ofisi alimwambia.

"Ndiye mimi."

"Mkataba wako uliisha Ijumaa, mzee. Labda mhandisi akupe barua. Yuko safarini mpaka Jumatano."

"Na tingatinga?"

"Kesho. Na dereva haangalii orodha. Anaangalia ukuta."

Alirudi na mafuta ya taa na furushi la matambara. Dada yake alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani.

"Wenzako wakija kwa dada zao huleta hata sukari," alisema. "Wewe umeniletea tingatinga."

Fundi alisugua mpaka vidole vikachubuka. Rangi haikutikisika.

"Si ulijigamba kwamba rangi yako haitoki hata kwa mvua ya mwaka mzima?"

"Nilisema hivyo, dada."

"Ungekuwa mvivu siku moja tu."

Akapaka chokaa. Wekundu ukapenya. Mwisho akachukua patasi na nyundo, akaanza kubandua plasta, polepole, akifuata mstari kama alivyozoea. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tano kutazama kazi yake. Plasta ilikuwa imetoka, na matofali mekundu yalionyesha X ile ile, nene kuliko ya kwanza.

Dada yake aliitazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na shoka la kuni.

"Toa yote," alisema. "Mimi naanza upande huu."

Kesho yake dereva wa tingatinga alipunguza mwendo, akautazama ukuta uliochunwa kutoka pembe hadi pembe.

"Hii mbona imeshaanza kubomolewa? Nani kaibomoa?"

"Ndugu yangu," alijibu dada. "Wewe nenda zako."

Dereva akatafuta X, hakuiona, akapita.

Jumatano barua ikaletwa, imetiwa saini na kupigwa muhuri: Fundi Rangi anaruhusiwa kufuta alama, kwa sharti kwamba asiharibu ukuta.