Uzi wa Kumshonea Kicheko

Mama Pindo hakuwa mtu wa kuchagua uzi ukiwa bado umezungushwa kwenye gurudumu lake. Alisema uzi wa kwenye gurudumu unajificha kwa wenzake, na rangi yake inaonekana nzito kuliko ilivyo. Yeye alikata kipande, akakilaza peke yake juu ya kitambaa, akatoka navyo mlangoni kwenye mwanga wa mchana na kufumba jicho moja. Siku hiyo alikuwa na mfarishi wa mtoto mchanga, lile blanketi la viraka lenye pamba katikati. Mteja, ambaye alikuja na uzi wake wa kijivu, alikaa kwenye benchi akijipepea kwa kifuniko cha boksi na kushikilia kwamba hautaonekana.

"Utaonekana," Mama Pindo alimwambia. "Ukipita kwenye kile kiraka cheupe, watu watadhani mtoto kachafua."

Mteja alikuwa bado anacheka alipoingia Kicheko, binti wa pekee wa Mama Pindo, kaushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mkono ulikuwa umeachia begani. Ulining'inia kwa nyuzi chache za upande wa kwapa, na kwenye mwanya ikaonekana pamba, nyeupe isiyo na doa, maana Kicheko alikuwa msafi tangu utotoni. Aliwaamkia wote wawili, akasogeza mkasi pembeni, akaketi.

"Pole," mteja alisema. "Bega ni pabaya. Panavutwa huku na huku."

"Nimeshapoa," Kicheko alijibu.

Mama yake hakuuliza nani kamvuta. Mkwe wake alikuwa mtu mstaarabu, wa kuvua viatu mlangoni hata akiambiwa apite navyo, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Wala hakuwa akipiga. Alikuwa anavuta tu. Chakula kikiwa kimepoa, alimvuta mkewe. Akimkuta dirishani anapiga soga na jirani, alimvuta akamrudisha ndani. Watu walisema ana mkono mwepesi, hana ubaya, na walisema hivyo kwa sababu hawakuwa wao waliovutwa.

Mama Pindo alimshona kwa uzi wa pamba, na hapo hakufikiri mara mbili. Kitambaa laini kinataka uzi laini, tena uzi uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa chenyewe, ili siku ya kuvutwa kinachokatika kiwe uzi. Mshono uliokatika fundi anaurudia, hata mwaka uishe. Kitambaa kikichanika huna pa kuchoma sindano. Aliupitisha uzi kwenye kipande cha nta usijisokote, akapiga bandi kwanza kulishikiza bega mahali pake, ndipo akashona kwa hatua ndogondogo huku Kicheko akitazama ukutani. Alipomaliza alikata uzi kwa meno.

"Mama," Kicheko alisema, "nikae hapa?"

"Kaa mpaka mshono ushike."

Silo aliloulizwa, na wote wawili walijua. Mshono ulishika, mkwe akaja na Mjomba, kaka wa Mama Pindo, ambaye ndiye aliyesimamia ile ndoa na alikuwa akiitazama kama nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mjomba alisema mambo ya ndani ni ya ndani. Mkwe alivaa viatu vyake, Kicheko akamfuata nyuma.

Alirudi na kiwiko kimeachia. Akarudi na shingo imefumuka upande mmoja, kichwa kimelalia bega, akapita sokoni hivyo hivyo na wauzaji wakamsalimia na kumpisha. Mama Pindo aliongeza uzi ukawa wa nyuzi mbili. Akajaribu uzi wa katani, akajaribu poliesta. Kila safari mshono ulidumu kidogo zaidi, na kila safari Mama Pindo alipata faraja ya kijinga, faraja ya fundi, akajiona anakaribia. Usiku alilala akiwaza nyuzi. Kama angewaza kitu kingine, angeogopa, na alikuwa tayari ameogopa kiasi cha kumtosha.

Kisha mkwe akamwambia neno. Alilisema kwa upole, mbele ya Mjomba na wateja waliokuwa wakisubiri nguo zao.

"Mama, mimi simlaumu mtu. Lakini kweli, huu ni mshono gani usiokaa?"

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Huyu ni Mama Pindo, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo alilolikunja yeye halikuwahi kushuka. Wanawake walirithishana sketi alizozishona, sketi zikachakaa, mapindo yakabaki. Akahisi uso unamwaka. Na lililomuuma kuliko yote, alipokuja kulifikiria baadaye, ni kwamba kwa muda mfupi pale alimkasirikia binti yake na si yule bwana.

Akavuka barabara kwenda kwa muuza nyuzi, mwanamke mnene aliyekaa katikati ya rafu zake na kuagiza watu wajishushie wenyewe. Safari hii alinyanyuka.

"Unataka wa nini? Mto? Kiti?"

"Wa binti yangu."

"Anavutika wapi zaidi?"

"Kila mahali."

Muuza nyuzi alivuta pumzi, akapanda kigoda na kulishusha gurudumu la rafu ya juu. Ulikuwa uzi wa nailoni, mweusi, wenye kung'aa. Aliufungua kidogo, akauzungusha kwenye viganja vyote viwili na kuvuta hadi ngozi ikawa nyeupe.

"Huu ni wa mahema. Haukatiki. Lakini wewe fundi, sina haja ya kukufundisha. Kwenye kitambaa laini huu unakula."

"Najua," Mama Pindo alisema, akauchukua.

Kicheko alikuja kabla jua halijawa kali. Safari hii ilikuwa kiuno. Alikuwa ametembea njia nzima kwa kujishikilia kwenye kuta, nusu ya juu ikitangulia na ya chini ikifuata, na pamba ilikuwa imedondoka njiani vipande vipande. Mtoto wa jirani aliiokota na kumletea kwenye mfuko, akapewa asante. Mama Pindo alimlaza juu ya meza ya kukatia nguo. Alipolitoa lile gurudumu jeusi, Kicheko aliligeukia na kulitazama sana.

"Usinishone, mama."

"Nini?"

"Usinishone. Niache wazi hivi hivi. Akija akinikuta niko wazi, hawezi kunichukua. Atanibeba vipi? Nitakaa hapa mezani. Ukiwa na kazi ya kukata, utanisogeza."

Mama Pindo alisimama na sindano mkononi. Alitamani sana kumwitikia. Lakini akilini alimwona Mjomba mlangoni, akawaona wateja, akaona meza yenye mwanamke aliyefumuka ikiwa katikati ya kazi zake kila siku, na kila anayeingia akiuliza fundi ni nani. Zaidi ya hayo, aliamini. Mtu aliyekata tamaa huamini chochote kilicho karibu na mkono wake, na karibu na mkono wake palikuwa na uzi.

"Huu hautakatika, mwanangu," alisema.

"Najua, mama," Kicheko alijibu, akageuzia uso ukutani.

Alishona kiuno, kisha akafumua bega, kiwiko na shingo, akavirudia vyote kwa nailoni. Sindano nyembamba haikuweza, akatumia ile ya ngozi, na kila ilipotoboa iliacha tundu kubwa kuliko alivyotaka. Mkwe alipofika aliushika mkono wa mkewe, akaomba radhi, akauvuta kwa kujaribu, kama mtu anayejaribu kitasa kipya. Ulikaa.

"Sasa hii ndiyo kazi," alisema, na Mjomba akampiga dada yake begani kwa furaha.

Kicheko hakurudi tena. Wiki zilipita, na Mama Pindo akaanza kulala usingizi wa kweli. Mteja akimuuliza habari za binti alijibu kwamba wametulia. Alimaliza mifarishi aliyoichelewesha. Alirudi kubishana na watu kuhusu rangi, akiwatoa mlangoni na kuwalazimisha wafumbe jicho moja.

Mkwe alikuja peke yake, kabeba begi la safari. Alivua viatu. Aliliweka begi juu ya meza kwa uangalifu na kulifungua zipu. Kicheko alikuwa ndani, amekunjwa vizuri, vipande vikubwa chini na vidogo juu, na pamba yake kwenye mfuko wa pembeni.

"Kimechanika kitambaa, mama," mkwe alisema. "Kandokando ya mshono, kote. Uzi wako mzima kabisa, unaweza kuutazama. Kwa upande wa uzi mimi sina neno."

Mama Pindo alifungua mdomo apige yowe ambalo lingesikika hadi sokoni. Kilichotoka kilikuwa, "Karibu uketi." Mkwe akaketi.

Ndugu walikutana, Mjomba akiwa ndiye msemaji. Walimsikiliza mkwe, naye akaeleza kwamba alikuwa akimvuta kama siku zote, si zaidi. Walizishika nyuzi wakaziona nzima. Wakakubaliana kwamba hapakuwa na wa kulaumiwa, ni kitambaa tu kilichokuwa laini, na kwamba kwa vile fundi yumo humo humo katika familia, ni vyema vile vipande visipotee bure. Watu walipata chai, wakaondoka.

Kwa hiyo Mama Pindo alimshona binti yake akawa mfarishi. Kwanza aliitoa nailoni yote kwa kimkasi kidogo, na kazi hiyo peke yake ilimchukua muda mrefu, kwa kuwa uzi ule ulikuwa umezama na machozi yalimziba macho. Kisha akachagua uzi. Alikata kipande cha pamba, akakilaza juu ya kipande cha bega, akatoka mlangoni na kufumba jicho moja. Ulikuwa uleule wa mwanzo. Alishona kwa hatua ndogondogo, na kila alipochoma sindano alisema, "Kaa, mwanangu. Kaa hapa. Usiende." Aliyasema mpaka sauti ikamkauka, wakati hapakuwa tena na wa kwenda popote. Mfarishi ulipomalizika ulikuwa na joto hata kwenye kivuli, na ukiuwekea kiganja uliusikia ukipanda na kushuka. Wateja waliusifu, wakataka kujua pamba yake imenunuliwa wapi.

Mkwe alikuja kuuchukua alipokaribia kuoa tena. Mjomba alisema ni haki yake, ni kitu cha nyumbani kwake. Mama Pindo aliushika pembe moja mkwe alipoukunja, akaushika kwa nguvu zote alizokuwa nazo, halafu akausikia uzi unaanza kukatika chini ya vidole vyake, akaiachia pembe.

Msimu wa baridi haukuwa umeisha alipoingia mwanamke asiyemjua, nyuma yake msichana kabeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mwanamke alijitambulisha: ndiye mama mzazi wa mke mpya. Alimwonyesha bega.

"Wanasema wewe una uzi usiokatika."

Mama Pindo aliwakaribisha. Alilitazama bega, tena kwa muda mrefu. Pamba ya huyu ilikuwa ya rangi ya maziwa.

"Amefanya nini?" aliuliza, ingawa hilo ni swali ambalo hakuwahi kumuuliza binti yake.

"Anachelewa kuamka," mama mtu alisema kwa aibu. "Mumewe akiita hainuki. Tumemwonya."

"Siyo mimi," msichana alisema. "Ni ule mfarishi. Asubuhi unanishika. Unanizunguka kiunoni, hauniachi niende. Namsikia ananiita, nami siwezi kutoka."

Mama Pindo alishika ukingo wa meza. Alitaka kumuuliza unamshikaje, kwa upande gani, kama unamuumiza au unambana kwa upole, kama kuna chochote anachosikia.

"Usimshone," alimwambia mama mtu.

"Nimrudishe hivi hivi, mkono mkononi?"

"Usimrudishe. Mwache wazi. Mkalishe kwako juu ya meza, juu ya kabati, popote. Atakayesema, aseme."

Mwanamke alimtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwa watu na hajui aanze kwa kuondoka au kwa kujibu. Aliweka sawa mkoba wake.

"Mama, mimi nimeulizia uzi tu," alisema, akatoka, akavuka barabara kwenda kwa muuza nyuzi.

Msichana alibaki kwenye benchi. Fundi na yeye wakamtazama yule mama akiashiria rafu ya juu.

"Unajaribu kunizuia nisiende kwake, sivyo?" msichana aliuliza. "Ule mfarishi."

"Ndiyo."

"Nilidhani hivyo."

Mama yake alimwita kutoka ng'ambo, aje apimiwe. Msichana akauweka vizuri mkono wake, akainuka upesi, akaenda kabla hajaitwa mara ya pili.