Njia ya Kumi na Mbili

...maana swali lenyewe lilikuwa dogo, dogo kama changarawe ndani ya kiatu, Marlys alikuwa amesimama na fimbo zake mbili za kutembelea, akitazama juu ambako njia inaingia kwenye misonobari, akauliza hivi hivi tu, kama mtu anayeuliza kama kahawa imebaki, "Verla, mlipofika ziwani na Orrin, mlikaa upande gani kula?", na Verla, mguu mmoja juu ya bampa ya pikapu, akainama zaidi juu ya buti lake, akafungua fundo lililokuwa limeshakaa vizuri na kuanza kulifunga upya, kwa sababu ziwani hakuwahi kufika, hata siku moja, si na Orrin mumewe wala peke yake, na aliyeandika kwenye kitabu cha kanisa cha njia za kutembea kwamba njia ya Ziwa la Tressel ni rahisi, mwendo wa saa mbili, inafaa hata kwa babu na wajukuu, ni yeye mwenyewe, Verla Skogen, mpishi wa shule mstaafu, mshika ufunguo wa jiko la kanisa, mtu ambaye kila Jumapili huungama pamoja na wenzake kwamba ametenda dhambi kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, na akifika hapo kwenye maneno huharakisha kidogo, kama anayepita mbele ya mbwa wa jirani... Marlys alikuwa bado anasema, kitu kuhusu biskuti za tangawizi, kwamba ameleta za kutosha, leo watakaa kama malkia wawili na kuwarushia samaki makombo, na sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya mtu mwenye siku yake, na kweli ilikuwa siku yake, maana njia kumi na moja za kitabu kile alikuwa amezimaliza, hii ndiyo iliyobaki, na Verla alijua kwamba ndani ya begi la mgongoni la Marlys, kwenye mfuko wa mbele, kitabu kipo, waya unaoshika kurasa zake umepinda, na kwenye kila ukurasa pana alama ya penseli isipokuwa ukurasa mmoja.

Kumi na moja zilikuwa za kweli, Bwana wewe wajua, kumi na moja alizitembea kwa miguu yake, ile rasi ya pwani ambako ukungu unapanda kutoka baharini na kulowesha nyusi, pale Orrin alipopeperushiwa kofia akasimama kuitazama ikishuka, akasema basi, hiyo imekwenda Japani, na kule Silver Falls ambako njia inapita nyuma ya maji yenyewe, alikopita wiki moja baada ya kumzika mama yake, akalia kwa sauti bila mtu kumsikia, maji yakilia zaidi yake, na vile vilima vya udongo mwekundu na wa dhahabu vya huku mashariki, ambavyo mtu haruhusiwi kuvikanyaga, Orrin akawa anaongea kwa kunong'ona kama yuko kanisani, na mlima wa Steens, ambako upepo unakunyang'anya neno kabla hujalimaliza, na ukingo wa Crater Lake, Julai na theluji bado inafika magotini, na Smith Rock ambako aliandika wazi, kali, usijidanganye, jua la mchana halina huruma, kila neno aliliandika akiwa na vumbi la mahali hapo kwenye soksi... lakini mchungaji alitaka kumi na mbili, kumi na mbili kama makabila ya Israeli, alisema, kama mitume, na Verla alikuwa na kumi na moja, na badala ya kusema nina kumi na moja, mchungaji, neno jepesi tu, alisema ngoja nitazame. Na mtume wa kumi na mbili sote tunamjua.

Walikuja hapa hapa, yeye na Orrin, miaka sita iliyopita, mvua ikinyesha, mgongo wa Orrin umekaza, wakabaki ndani ya pikapu wakila mikate ya mayai, vioo vikazibwa na mvuke, Verla akakimbia mara moja chini ya mvua hadi kwenye lile sanduku la mbao lililopigiliwa kwenye nguzo mwanzo wa njia, lile lenye daftari ambamo kila apandaye huandika jina na siku na anakokwenda, ili akipotea wanaomtafuta wajue pa kuanzia, akafunua, akasoma, C. Barstow, watatu, ziwani mwendo wa saa mbili, rahisi, mandhari safi sana, na mkono ulioandika ulikuwa mkono uliotulia, mkono wa mtu mwaminifu, basi akaubeba ule mstari mpaka nyumbani, akauongeza babu na wajukuu kutoka kichwani mwake, kama mtu anavyoongeza chumvi... hakutazama safu ya pili. Mwenye kupanda milima hapa Wallowa hujifunza hilo mapema, kwamba daftari lina safu ya watu na safu ya wanyama waliokwenda nao, na uisome safu ya wanyama kwanza, yeye alilijua, aliwahi kumfundisha binti wa shemeji yake, na Verla mwenyewe akaja kuambiwa Oktoba iliyopita kwenye chakula cha mavuno ukumbini, kijiko cha viazi mkononi, akimpakulia mzee mmoja mrefu mwenye miguu iliyopinda, wakaongea, akamwambia kumbe wewe ndiwe Clell Barstow, nilisoma maandishi yako, ile njia rahisi ya Tressel, na mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi, mama? Kwa miguu?" alisema. "Toka nizaliwe sijapanda kule kwa miguu. Wapandao ni farasi, mimi kazi yangu kukaa." Meza nzima ikacheka, na Verla akacheka nao, na akicheka akauliza, sauti ameipunguza, kama kuna mto wowote, naye Clell akafikiri, akasema mto hakuna, kuna kijito, maili ya kwanza tu, ila Juni theluji ikiyeyuka kinamfika farasi tumboni, farasi hunywa akipita, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Na leo ni Juni. Juni tarehe ishirini na nne, na mlima juu bado mweupe... njia ya mwongo fupi, husemwa, naye aliwafupishia wengine wakati yeye amekaa ndani ya gari lenye joto, na toka Oktoba mpaka leo hakusema, Jumapili thelathini na kitu, alikusudia kusema wakati wa kwaresima, akaahirisha mpaka Pasaka, Pasaka akaona ni vibaya kuharibu Pasaka, na Marlys alipopiga simu kusema mwenzangu, goti linasema ni wiki hii, Verla alisema sawa, kwa sababu alikuwa ameshapata hila, na hapa, Bwana, hapa ndipo palipo pabaya kuliko kote, kwamba hila yenyewe aliipanga huku akipaka siagi kwenye mikate, kwamba wakisikia tu kijito kinavuma atashika nyonga, atasema aa, nyonga, Marlys, leo haiendi, na watarudi, na kijito hakitajulikana, na kitabu kitabaki kitakatifu...

"Verla, kiatu hicho unakifunga au unakishona?" Marlys alisema, akicheka peke yake, hana haraka, maana alilelewa kumngoja mtu, na Verla alisema mm, kamba hizi mpya, nalo likawa uongo mwingine mdogo, kamba zilikuwa na miaka mitatu... na angeamini, hilo ndilo, Marlys angeiamini ile nyonga, angemgeuza pole pole kama mgonjwa, angempa fimbo moja na yeye abaki na moja juu ya goti lake la chuma alilowekewa na daktari, mjane wa miaka sabini na moja, asingenung'unika hata nusu, na Jumapili, kwenye maombi, mchungaji akiuliza nani wa kuombewa, Marlys angeinua mkono, tumwombee Verla nyonga yake, na watu arobaini wangeinamisha vichwa na kumlilia Mungu aponye nyonga ambayo Mungu mwenyewe anaitazama ni nzima kabisa, nyonga ya kubebea magunia, na Verla angekuwa pale kati yao akisema amina... kicheko kikamjia, akakimeza, kikarudi na kitu kingine nyuma yake, machozi kidogo, maana ilikuwa kweli, nyonga ilikuwa nzima. Zote mbili. Ana miaka sabini na miwili na mguu umepanda bampa bila kushikwa, na hajawahi kulitaja hilo kwenye sala, amekuwa akishughulika kuomba theluji isiyeyuke.

Alichoogopa ni kwamba Marlys akijua moja ni ya uongo, zile kumi na moja nazo atazitazama vingine, majira mawili ya joto waliyotembea pamoja yataanza kunuka, lakini sasa, kidole kikiwa ndani ya kitanzi cha kamba, alimwona Marlys wa kule rasini, mara ya kwanza, nusu maili tu, ameng'ang'ania mkono wa koti lake, akihesabu hatua kwa sauti, akamwona nyuma ya maporomoko amevua kofia makusudi alowe nywele, yeye ambaye majira ya baridi mazima alilala na kile kitabu juu ya kifua, Verla alikuwa amekiacha chini ya bakuli la tambi na jodari alilompelekea, akakisoma kama zaburi, na zile njia Marlys alizitembea kwa goti lake mwenyewe, ni zake, hakuna ukurasa wa mtu unaoweza kumnyang'anya, kitabu kilimwamsha tu kitandani, hata Balaamu aliwahi kuambiwa ukweli na punda... na asante, Bwana, asante kwamba nilipewa kumi na moja nilipostahili mbili tatu, asante kwa mtu wa kutembea naye, na kwamba ameniuliza hapa, penye pakavu, kabla ya maji, angeweza kuuliza tukiwa katikati yake tumeshikana mikono, angeweza asiulize kabisa, na mimi ningekwenda kaburini na siri ya farasi... Juu kwenye misonobari ndege mmoja alipiga kelele akanyamaza, na katika kile kimya, kwa mbali, chini kabisa ya sikio, kulikuwa na mvumo kama wa watu wengi wakiongea pamoja, na Marlys akageuza kichwa kuusikiliza, uso umekunjuka, akasema lo, maji hayo?, na Verla hakuinua uso, buti bado liko juu ya bampa, fundo bado halijafungwa.

"Marlys," alisema, "mimi huko sijafika," na neno lililofuata halikuwa juu ya nyonga.