Namba ya Kusaini

Saa sita kasoro dakika kumi na nne, Tiiu aliona maandishi mekundu kwenye kompyuta kwa mara ya pili: namba si sahihi, limebaki jaribio moja. Angekosea tena, kadi ya kitambulisho anayosainia mtandaoni ingejifunga, na wa kuifungua ni polisi, huko mjini. Saa sita kamili zabuni ingefungwa, na mkate mweusi wa shule tatu za Võru angeuoka mtu mwingine.

"Raivo!" aliita. "Njoo uone kazi ya mikono yako!"

Mumewe akaja mbio. Jumamosi, Tiiu alipokuwa akioga mvuke sauna na dada zake, Raivo aliifuta Windows yote kwenye kompyuta ya nyumbani akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Ni nyepesi, ni ya bure, tena haina makuu, alisema, kama anayenadi ng'ombe. Kwa mambo ya nyumbani ilifaa. Lakini kompyuta hiyohiyo ndiyo ofisi ya Tiiu.

"Kisoma kadi kinawaka," Raivo alisema. "Linux inakiona. Kosa si lake."

"Si lake, si lako, ni la nani basi? La tanuri?"

"Saini kwa simu."

"Kwa simu sijajiandikisha, nawe unajua vizuri!"

Kuirudisha Windows kungekula saa nzima. Zilibaki dakika tisa. Raivo, mbishi wa kupindukia, aliinama akayasoma tena yale maandishi mekundu.

"Hebu niambie, mama," Raivo alisema polepole. "Kuingia kwenye tovuti, uliandika namba gani?"

"Ya kuingilia. Ya kwanza."

"Na hapa pa kusaini?"

Tiiu alikitazama kile kisanduku kwenye skrini. Miaka yote, kisanduku cha kusaini kilitokea pembeni, kikubwa, na vidole vyake vilijua vyenyewe kwamba sasa ni zamu ya namba ya pili ya kadi, ile ya kusaini. Humu kwenye Linux visanduku vyote vilitokea katikati, vimefanana. Mara mbili alikuwa ameandika namba ya kuingilia mahali pa saini.

Aliona haya, na haya ikamzidishia hasira. Akaandika namba ya pili, tarakimu moja moja, huku akiinong'ona. Akabonyeza, akafumba macho.

"Kijani!" Raivo alipiga kelele. "Imepita! Unaona? Linux haina neno. Tuiache, au siyo?"

Tiiu alichomoa kadi, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Rudisha Windows."

"Lakini imefanya kazi!"

"Imefanya. Hata kuizoea ningeizoea. Ila kazi ya humu ni yangu, mkate ni wangu, na wewe hukuniuliza."

Raivo alikuna kichwa. "Haya, nikuulize sasa?"

"Rudisha kwanza," Tiiu alisema. "Halafu ndipo uniulize."