Kutoka Lilipokuwa Duka la Dawa la Salvatierra

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Azucena Urroz alikuwa ameegemea mlango wa teksi yake nje ya uwanja wa ndege wa Managua, akila wali uliochanganywa na maharage kwenye kibakuli cha plastiki. Matairi alikuwa ameshayaosha, kama alivyofanya kila siku kwa miaka thelathini na moja. Teksi ilikuwa nyeupe, kioo cha nyuma kilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi, na ndani hapakuwa na simu ya kuonyesha njia. Azucena alisema kumpa yeye simu ya njia ni sawa na kumvalisha samaki boya.

Msichana mmoja alitoka na begi la mgongoni, macho yote kwenye simu.

"Teksi, malkia wangu? Nakupeleka popote."

"Huku unatoza kiasi gani?" Msichana akamwonyesha karatasi yenye mwandiko wa mtu mzee.

Azucena aliisoma mara moja. *Kutoka lilipokuwa duka la dawa la Salvatierra, mitaa miwili kuelekea ziwani, hatua ishirini juu.* Juu ni kule jua linakochomoza. Hilo halikuhitaji kuandikwa.

"Kordoba mia tatu."

"Simu inasema mia moja na tisini, na gari lina kiyoyozi. Samahani, mama. Mimi natoka Panama. Nilionywa nisipande teksi ya mtu nisiyemjua. Kwenye simu unaona jina la dereva, namba ya gari, na nyota alizopewa na abiria."

"Nani alikuonya?"

"Niliona mtandaoni."

"Basi panda la mtandaoni. Ila ujue, jina langu ni Azucena Urroz. Namba ya gari ile pale, imepakwa rangi mlangoni. Nyota sina, zangu niliziacha kule kule juu zinakokaa."

Gari la simu lilikuja baada ya dakika sita, safi, vioo vyeusi. Dereva wake alikuwa Don Fanor, mstaafu wa benki aliyehamia Managua kutoka milima ya Estelí akiwa mtu mzima. Alishusha kioo.

"Habari za asubuhi, Doña Azucena. Bado jeneza lako linatembea?"

"Linatembea, Don Fanor, na njia linaijua. Wewe ukishikwa na haja unaiuliza simu choo kiko wapi."

Don Fanor alicheka. Simu ilisoma ile anwani, ikafikiri kidogo, ikaweka nukta katikati ya mji wa zamani. Wakaondoka.

Dakika arobaini baadaye kisimu kidogo cha Azucena kililia.

"Doña Azucena," alisema Don Fanor, "nina mmoja hapa mwenye anwani ya kabla ya tetemeko."

Aliwakuta kwenye uwanja wa nyasi. Farasi mmoja alikuwa anakula. Simu ya Don Fanor ilikuwa inarudia kusema kwamba wamefika. Don Fanor hakuona haya. Kila mwezi alimpa Azucena watu wawili watatu wa namna hiyo, naye Azucena alimpa wale wanaotaka kwenda kwenye maduka mapya ya barabara ya Masaya, ambako yeye alisema hakuna wa kumsalimia.

"Simu inasema tumefika," alisema yule msichana. Jina lake lilikuwa Yariela.

"Mmefika leo," alisema Azucena. "Anwani yako si ya leo. Ingia."

Yariela alitazama gari la kiyoyozi, akatazama teksi yenye ufa, kisha akaingia kwenye teksi.

Njiani alieleza shida yake. Bibi yake, Esmelda, alihamia Panama baada ya tetemeko la ardhi lililobomoa mji wa zamani, akiwa na miaka ishirini na miwili. Dada yake mdogo, Zoila, alibaki chini ya nyumba. Wazazi wao walifariki baadaye na kuzikwa katika makaburi makubwa ya mji, na sasa Esmelda alitaka jina la Zoila liandikwe kwenye kaburi hilo kabla ya tarehe mbili Novemba, siku ambayo watu wote hufagia na kupaka rangi makaburi ya kwao. Wasimamizi wa makaburi walitaka cheti cha kifo. Ofisi inayotoa vyeti ilijibu kwamba Zoila hayumo kwenye orodha ya waliokufa. Kwa hiyo, kwa karatasi za serikali, Zoila alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja asiyejulikana alipo.

"Leo ni tarehe thelathini," alisema Yariela. "Keshokutwa narudi. Bibi kasema niende nyumbani nikamwombe Zoila mwenyewe aandike."

"Bibi yako ana akili. Watu wengine wanaanzia kwa mwanasheria."

Anwani ya namna hiyo haiingiwi katikati. Lazima uanzie pale inapoanzia. Azucena alikwenda hadi kwenye kibanda cha fundi wa matairi, pale lilipokuwa duka la dawa, akazima redio, akafungua dirisha.

"Habari za asubuhi, Don Salvatierra," alisema.

Kisha akageuza gari kuelekea ziwani. Nusu ya mtaa wa kwanza ilikuwa nyasi. Nusu ya pili ilikuwa lami, nguzo za taa, na nyumba zenye baraza za juu zilizotundikwa nguo. Kinyozi alikuwa anafagia nywele mlangoni. Harufu ya mkate iliingia garini. Yariela aliomba kufungua dirisha la upande wake pia.

"Heri usifungue," alisema Azucena. "Tukipata abiria huku, hawapendi upepo."

Kwenye kona, mwanamke mmoja mwenye kuku aliinua mkono. Azucena akasimama, maana teksi ya Managua haimwachi mtu anayeelekea njia moja na wengine. Mwanamke alipanda nyuma, akamweka kuku kwenye mapaja ya Yariela bila kumuuliza.

"Sogea kidogo, binti. Nimekufa, sijakonda."

Yariela akasogea. Mwanamke alilalamikia vumbi, akalalamikia bei ya mafuta ya kupikia, akashuka baada ya mtaa mmoja na kuubamiza mlango.

"Taratibu na mlango, mama!" alipiga kelele Azucena. "Huu ndio uliobaki!"

Akakata kuelekea juu, akaenda polepole, midomo ikihesabu, na akasimama mbele ya mlango wa kijani.

"Ishirini," alisema. Hakuna aliyempongeza, kwa hiyo alijipongeza mwenyewe kwa kupiga honi.

Zoila alifungua mlango akiwa na unga wa mahindi hadi kwenye viwiko. Huko kwake ilikuwa tarehe ishirini na mbili Desemba, mchana, naye alikuwa anafunga nakatamali za Krismasi kwenye majani ya mgomba. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Mjukuu wa Esmelda."

Zoila alimtazama kuanzia miguuni. "Esmelda ana mjukuu? Ana miaka ishirini na miwili yule."

"Ana sabini na minne."

"Shauri yake. Mwambie gauni langu la buluu alilichukua bila kuomba. Asidhani nimesahau."

Waliketi jikoni. Azucena alichukua jani la mgomba na kuanza kufunga, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye jiko la mtu mikono ikiwa mitupu.

"Bibi mdogo," alisema Yariela, "naomba uandike kwamba umekufa."

"Saa hizi? Na mikono hii?" Zoila alisonga unga mara mbili tatu, kisha akasimama. "Ngoja kwanza. Kwani hawakuniandika?"

"Hapana. Wanasema siku zile hesabu haikukamilika. Baadaye walizungusha waya mji mzima, na watu wakaambiwa watarudi."

"Wakarudi?"

"Hawakurudi."

Zoila alikwenda kwenye beseni, akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Alikuwa amesoma kwa watawa na mwandiko wake ulisifiwa mtaa mzima. Aliomba kalamu, akasukuma majani pembeni, akaandika bila kufuta mahali:

*Mimi, Zoila Carrasquilla, mwenye miaka kumi na tisa, nilifia nyumbani kwangu, chini ya ukuta wa jikoni, usiku wa kuamkia tarehe ishirini na tatu Desemba. Sikuhama. Sikupotea. Yeyote anayenihitaji atanikuta hapa.*

Akaweka saini yenye mkia mrefu. Aliisoma kwa sauti, akairudia, maana mara ya kwanza kinyozi alikuwa ameacha kufagia ili asikilize na pengine hakusikia mwanzo. Azucena alitia saini kama shahidi na kuandika namba ya leseni yake chini.

Waliondoka na nakatamali nne za moto.

Kesho yake asubuhi walikuwa ofisini, dirisha namba saba. Azucena hakulazimika kuja, lakini alisema saini yake haiendi mahali peke yake. Karani aliitwa Ivania. Aliisoma karatasi yote.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Siku hizi watu hawaandiki hivi. Na maelezo yametoka kwa mhusika mwenyewe, hapo hakuna ubishi." Akaanza kuandika kwenye kompyuta, halafu akasimama. "Anwani ndiyo tatizo. Mfumo haukubali mahali palipokuwa. Unataka nukta kwenye ramani."

"Weka nukta," alisema Yariela.

"Nikiweka inaniambia ni uwanja wa nyasi. Mtu hawezi kufia nyumbani kwake kwenye uwanja wa nyasi."

Azucena aliweka mikono yote miwili juu ya meza ya dirisha.

"Binti, mimi nimetoka huko jana. Mlango wa kijani. Funga dirisha lako nikupeleke sasa hivi, na utarudi hapa kabla ya chakula cha mchana."

"Napajua, Doña. Baba yangu yuko nyumba ya tatu kutoka hapo, upande wa kinyozi. Naenda kila Jumapili kwa teksi. Kwa gari la simu hufiki."

"Na yeye ameandikwa?"

"Hapana," alisema Ivania. "Nipo kwenye dirisha hili mwaka wa kumi na moja."

Alichukua muhuri, akagonga kwenye karatasi kuonyesha kwamba imesomwa, akairudisha kwa mikono miwili. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Mzee aliyefuata naye alishika karatasi yenye mwandiko wa zamani.

Yariela alirudi Panama siku iliyofuata na ile karatasi ndani ya kitabu ili isikunjike. Kwenda uwanja wa ndege alipanda gari la Don Fanor. Alimpigia Azucena kumwomba radhi kwa hilo.

"Uwanja wa ndege hata kuku anaujua," alisema Azucena. "Usinitie aibu kwa kuniita kwa safari kama hiyo."

Tarehe mbili Novemba, bila kuitwa na mtu, Azucena aliosha teksi yote, siyo matairi tu, akaenda kumchukua Zoila. Zoila alikuwa tayari. Alivaa gauni la njano, akabeba ndoo ya chokaa na brashi, na vumbi la ukuta lilikuwa bado kwenye nywele zake ingawa alizichana vizuri.

Barabara ya makaburini ilijaa wauza maua na watu wenye mafagio. Langoni palikuwa na mlinzi mwenye daftari. Mwaka uliopita mlevi mmoja alifungiwa ndani hadi asubuhi, kwa hiyo sasa kila aliyeingia alihesabiwa, na kila aliyetoka pia.

"Huyu ni wa humu," alisema Azucena. "Wazazi wake wako safu ya tisa. Nafasi yake ipo."

Mlinzi alimtazama Zoila, akayaona mavumbi, akavua kofia kwa heshima.

"Pole, binti. Cheti unacho?"

"Sina."

"Bila cheti siwezi kukuingiza kama marehemu. Mimi ni mwajiriwa tu. Lakini kama mgeni, karibu sana, mwisho saa kumi na moja."

Azucena alifungua mdomo. Zoila alimshika mkono.

"Nitaingia kama mgeni," alisema. "Nikopesheni fagio."

Alifanya kazi siku nzima. Alifagia majani, akang'oa nyasi kwenye nyufa, akapaka kaburi la wazazi wake chokaa mara mbili hadi likawa jeupe kuliko yote ya safu ya tisa. Azucena alichota maji na kuwaambia waliopita kwamba abiria wake ndiye aliyefanya kazi ile. Mwanamke wa kaburi la jirani, alipoona chini ya majina mawili pamebaki nafasi ya jina la tatu, alimwambia Zoila aandike tu mwenyewe, brashi anayo, nani atajua.

"Sikutoka nyumbani kwangu kuja kuiba kaburi," alisema Zoila. "Waandike wao."

Saa kumi na moja kengele ilipigwa. Watu walitoka na ndoo zao, watoto wamelala mabegani. Zoila alitoka wa mwisho, kichwa juu, chokaa imemkauka vidoleni, na waliosimama langoni walimpisha. Mlinzi aliweka alama kwenye daftari, akajumlisha safu mbili, akajumlisha tena kuhakikisha. Walioingia na waliotoka walikuwa sawasawa. Akafunga lango.