Picha ya Dirisha la Jikoni

Baridi ikiingia, watu hawaoi. Mama Kidoti alilijua hilo tangu aanze kupata riziki kwa kamera ya arusi. Wakwe wanaahirisha, mashela yanarudi kabatini, na simu ya studio inakaa kimya kama mtu aliyenuna. Mumewe naye ni fundi friji, na baridi ikiingia hakuna anayelilia friji. Kwa hiyo kila mwaka miezi hiyo nyumba ilikuwa na watu wazima wawili wasio na kazi, na mmoja tu kati yao, kwa maelezo ya Mama Kidoti mwenyewe, ndiye aliyejua kujishughulisha.

Alipiga picha za madirisha. Asubuhi na mapema alitembea mtaani na kamera yake ya filamu akitafuta vioo vilivyoshika mvuke: kinyozi nyuma ya kioo akichemsha maji ya kunyolea, mama wa tanuri la mikate akifuta dirisha kwa kiwiko, wafua nguo wakionekana nusunusu kama watu wa ndotoni. Filamu alizisafisha mwenyewe bafuni, ambako alikuwa ameziba dirisha kwa mbao na kufunga taa nyekundu. Anayetaka kuoga alisubiri.

Alikuwa na sharti moja asilolivunja. Kabla hajabonyeza aliuliza, "Nikupige?" Mtu akiitikia kwa kichwa, alipiga. Asipoitikia, aliaga na kwenda zake. Lakini sharti hilo lilikuwa la watu wa nje. Wa nyumbani kwake aliwapiga picha tu, kama alivyomkata bintiye kucha alipokuwa mdogo, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Siku ya ufunguzi wa onyesho lake alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi wa sanaa wa mtaa, pima maji mkononi, akinyoosha fremu ya mwisho. Ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote. Binti amesimama nyuma ya dirisha la jikoni, kilemba cha taulo kichwani, mvuke umemla nusu ya uso, na upande uliobaki una chozi moja lililosimama shavuni karibu na kidoti cheusi.

"Hapo hapo," alisema Brashi kutoka chini. "Usiiguse tena. Mtu akiingia mlangoni, cha kwanza kukiona ni hicho."

Brashi ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi, na mwishoni mwa juma aliwafundisha vijana kuchora. Miaka yote alimrudisha Mama Kidoti mlangoni. "Picha za arusi peleka arusini," alikuwa akimwambia. Mwaka huu aliiona picha ya dirisha la jikoni, akampa ukuta mzima.

Simu ikatetema mfukoni mwa Mama Kidoti. Alikuwa mumewe.

"Mama Kidoti, rudi nyumbani."

"Nimebakiza kufagia tu. Wageni wanaingia saa kumi."

"Mwanao amejifungia bafuni. Na mkasi."

"Mkasi wa nini?"

"Wako. Ule wa filamu. Mwenzake mmoja wa darasani alipita hapo ukumbini, akamtumia ujumbe kwamba ametundikwa ukutani analia. Amelitoa lile jalada lako la mikanda yote ya filamu, ameingia nalo. Mimi nimegonga mpaka nimechoka."

Mikanda yote. Baridi nzima ilikuwa humo bafuni, na baridi zilizotangulia. Mama Kidoti alishuka ngazi bila kuaga.

Nyumbani alimkuta mumewe amesimama kwenye korido, bisibisi mkononi.

"Hiyo ya nini?"

"Nilifikiri nifungue bawaba."

"Ukifungua mlango, mwanga unaingia, na kuna karatasi za picha wazi humo. Kaa pembeni, Baba Kidoti."

Chini ya mlango palikuwa na mstari wa nuru nyekundu. Mama Kidoti alisogeza sikio, akasikia mkasi ukifunguliwa na kufungwa, polepole, bila kukata kitu. Au ulikuwa unakata? Hakuweza kujua.

"Kidoti."

Mkasi ulifunguka, ukafungwa.

"Kidoti, fungua. Hiyo ni kazi ya mama yako, si gazeti la kufungia nyanya."

"Na mimi ni nani? Mimi ni gazeti?"

Haya, angalau anaongea. "Ni picha nzuri, mwanangu. Watu hawatakutambua, mvuke umekufunika."

"Kidoti changu kinaonekana, mama. Nani mwingine mtaa huu ana kidoti hapa?"

Mumewe alikohoa. Mama Kidoti alimkata jicho.

"Uliona kwamba nalia?" sauti iliuliza.

Mama Kidoti alikuwa na uongo tayari mdomoni. Ungemtosha, kwa kuwa kweli kioo kilikuwa na maji, na angesema alidhani ni tone la mvuke. Lakini alikuwa ameitazama ile picha kwa kioo cha kukuzia, kwa siku kadhaa, kuhakikisha chozi limetoka kali na si ukungu. Alirudia kuisafisha mara nyingi kwa sababu ya chozi lenyewe.

"Niliona," alisema.

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga."

"Halafu?"

"Halafu mwanga ukaondoka. Nikaingia ndani kubadilisha filamu."

Mumewe aliinamisha kichwa. Maneno yalipotoka mdomoni mwake mwenyewe, Mama Kidoti aliyasikia kama ya mtu mwingine, mtu ambaye asingempa hata kiti.

"Hukuuliza," Kidoti alisema. "Mpaka leo hujauliza."

"Nakuuliza sasa. Ulikuwa unalia nini?"

Mkasi ulinyamaza. Kisha maneno yalitoka kwa haraka, yakigongana. Siku ile alikuwa ametoka kwenye darasa la kuchora. Alikuwa amechora mkono wa baba yake umeshika bisibisi, akaumaliza kwa wiki nzima. Brashi aliubandika mbele ya wote, akauliza nani anaweza kumwambia hicho ni kiatu au ni samaki. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akamwambia kwamba macho ameyarithi kwa mama yake ila mkono hakupewa, asiendelee kuwamalizia wenzake karatasi.

"Na leo saa kumi darasa zima linakuja," Kidoti alimaliza. "Watalitambua gauni nililovaa siku ile. Wanajua nilikuwa nalia nini. Wewe tu ndiye hujui."

Baba Kidoti alitazama mkono wake wenye bisibisi, akauficha nyuma.

"Naenda kuitoa," mama alisema. "Usikate kitu."

"Sikuahidi."

"Sijakuomba uahidi. Baba Kidoti, lete toroli na yale mablanketi ya kufungia friji."

Ukumbini Brashi alikuwa amekwisha kubadili shati na alikuwa anapanga viti. Alimwona Mama Kidoti akipanda ngazi na koleo, akadhani anarekebisha waya.

"Nimesema usiiguse."

"Natoa."

"Unatoa nini?"

"Hii. Mwenyewe hataki."

Brashi alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Mama, mlango unafunguliwa sasa hivi."

"Unamjua huyu hapa?"

"Binti yako. Nilimtambua siku uliyoileta."

"Na unajua alikuwa analia nini?"

"Vijana hulia."

Mama Kidoti alimwambia. Hakupandisha sauti, na maneno hakuyapamba. Brashi alisikiliza akiwa ameshika mgongo wa kiti. Kwa muda mfupi ilionekana kama ataona haya. Kisha aliinua macho kwenye picha, na Mama Kidoti aliyajua macho hayo. Yalikuwa kama yake mwenyewe juu ya kioo cha kukuzia.

"Basi ndiyo maana inachoma," Brashi alisema taratibu. "Ni chozi la kweli. Mimi sikumwambia kwa ubaya, mama. Nilikuwa namkomaza. Tazama kilichotoka."

Mama Kidoti alikata waya.

"Ukitoa hiyo, toa zote," Brashi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. "Sina ukuta wa mabaki. Na mwakani usinipigie hodi."

Hapo mkono wa Mama Kidoti ulisita. Aliutazama ukuta wake: tanuri, wafua nguo, asubuhi zote alizotembea vidole vikiwa vimekufa ganzi. Hakuna ukumbi mwingine mtaani. Brashi aliona kusita kule, akalainika.

"Acha saa moja tu. Wageni wakubwa wakipita, tunaishusha. Binti hatajua."

"Atajua," alisema Mama Kidoti. "Nitajua mimi, na mimi nina domo." Akamkabidhi mumewe, aliyesubiri chini na toroli, picha kubwa, akahamia fremu ya pili.

Walipotoka na toroli wageni wa kwanza walikuwa wanapanda ngazi, na katikati yao kinyozi, amevaa koti la heshima.

"Mama Kidoti! Mbona mnahama?"

"Onyesho limevunjika."

"Nimefunga duka nije kujiona! Mimi uliniuliza, nikaitikia!"

"Nisamehe, ndugu yangu. Uliitikia."

"Sasa mimi nina kosa gani?"

Mama Kidoti alisukuma toroli. Nyuma ya kinyozi vijana wa darasa la kuchora walikuwa wanakuja kwa kikundi, wakisukumana. Mmoja alichungulia mablanketi. Baba Kidoti, ambaye kwa kawaida hakorofishani na mtu, alisimama katikati yake na toroli. "Friji," alisema kwa uso mkavu. "Mbovu."

Kidoti alifungua mlango wa bafuni kabla hawajagonga. Alikuwa ameyasikia magurudumu. Macho yamemvimba. Nyuma yake, chini ya taa nyekundu, jalada lilikuwa wazi juu ya ubao, na kando yake mkanda mmoja umekatwa vipande viwili.

Mama Kidoti aliuona kwanza huo mkanda. Ndivyo alivyo, hangeweza kujizuia.

"Nilikata kabla hujaja," Kidoti alisema. "Ile tu. Mkasi ukateleza, nikamkata na kinyozi aliye pembeni yake."

Mama Kidoti alifumba macho kidogo. "Kinyozi yupo. Nitamwomba tena, kama atakubali. Leo amekasirika."

"Umezitoa zote?"

"Zote."

"Brashi alisemaje?"

"Alisema inachoma. Na kwamba alikuwa anakukomaza."

Kidoti alitoa kicheko kisicho na furaha. Kisha aliuliza, bila kumtazama, "Ilikuwa nzuri?"

Baba Kidoti alimkonyeza mkewe aseme hapana. Mama Kidoti alimwona, lakini juu ya picha hakujua kusema uongo.

"Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga."

Binti alisogea kwenye toroli, akafunua blanketi, akaitazama picha kwa muda mrefu. Hakulia. Kisha akaizungusha, akaiegemeza ukutani, uso ndani, akawapita wote wawili kwenda jikoni.

Walimsikia akijaza sufuria maji, akiwasha jiko. Mama Kidoti alimfuata, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Kamera ilikuwa mezani, mahali pake pa siku zote. Maji yalianza kuchemka, dirisha likashika mvuke kuanzia chini, na mwanga wa mwisho wa siku ukaingia kupitia humo, ule mwembamba wa baridi anaouvizia asubuhi hadi jioni. Ulimshika Kidoti begani, ukapanda shingoni. Mama Kidoti alikalia mikono yake.

Kidoti aligeuka ghafla, akaitazama meza, kisha akamtazama mama yake, na mikono aliyoikalia.

"Chai unakunywa?" aliuliza.

"Nakunywa."

Akatoa vikombe, lakini alihamia upande wa pili wa jiko, mbali na dirisha.